Tundu la Kumi na Nne

Sajenti Mbuke alitandaza karatasi tatu juu ya meza ya kituo cha polisi cha Bulangamo, akazitazama kwa hasira, kama mtu aliyeuziwa viatu viwili vya mguu mmoja.

Ya kwanza ilikuwa kadi kutoka ofisi ya simu, imejazwa kwa mwandiko mzuri wa duara. Alhamisi, saa 4:12 asubuhi. Kutoka Nyamtondo. Anayeitwa: Ishwarlal. Nambari: 14. Dakika tatu.

Ya pili ilikuwa maelezo ya mtuhumiwa Mihayo, karani wa duka la Ishwarlal. "Siku ya Alhamisi simu ya dukani haikulia hata mara moja tangu nilipofungua mpaka nilipofunga. Sikuongea na marehemu."

Ya tatu ilikuwa maelezo ya Donatus, mwenye lori. "Saa nne na robo nilipita dukani kwa Ishwarlal kununua misumari. Nilimkuta Mihayo ameshika simu. Aliponiona alinigeuzia mgongo, akapunguza sauti."

Karatasi mbili dhidi ya moja. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefunga jalada, akaenda kunywa chai. Mbuke alikuwa ametumwa kutoka Shinyanga kwa kazi hiyo hiyo: alifunge vizuri, kisha kesho Jumatano mtuhumiwa apandishwe gari kwenda kwa hakimu Kahama. Kesi ni ya mauaji. Mtu akipandishwa gari kwa kesi ya mauaji, kushuka kwake huchukua miaka, na wengine hushukia kwenye kitanzi.

Aliyekufa alikuwa Marselino, mnunuzi wa dhahabu wa mzee Ishwarlal. Kwa miaka tisa, kila Alhamisi kabla ya kuondoka machimboni Nyamtondo, Marselino alipiga simu dukani kusema anatoka saa ngapi na anapita njia gani. Njia aliibadilisha kila wiki, na hakumwambia mtu mwingine, hata mkewe. Alhamisi iliyopita alipiga simu, akapanda pikipiki, akashika njia ya msituni ambayo hakuwa ameipita tangu mwaka juzi. Kwenye daraja la magogo alikuta watu wanamngoja na mapanga. Mfuko wa dhahabu ukaondoka nao.

Watu hawamvizii mtu kwenye njia asiyoipita mpaka wawe wameambiwa. Na aliyejua alikuwa mmoja tu, aliyepokea simu. Mzee Ishwarlal, mkewe Lataben na mpwa wao Hemal walikuwa Mwanza harusini tangu Jumanne. Dukani alibaki Mihayo peke yake.

"Koplo," Mbuke aliita. "Nitolee Mihayo."

Koplo Mayala, kijana mrefu wa Mwadui aliyekuwa akiandika kitabu cha kituo, aliinua kichwa. "Afande, si tayari ameshasema?"

"Ameshasema mara tano. Na mara zote tano amesema kitu kile kile. Hilo ndilo linaloniudhi."

Mihayo alikuja na pingu, amevaa shati alilokamatwa nalo Ijumaa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye wino kwenye kidole cha kati kama makarani wote.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Kaa. Simu ya dukani iko wapi?"

"Juu ya kaunta, pembeni ya mizani."

"Alhamisi ulitoka dukani?"

"Sikutoka. Hata kula sikula. Nilikuwa nangoja simu ya Marselino."

Mbuke aliinua uso. Hilo halikuwa kwenye maelezo. "Ulikuwa unaingoja?"

"Kila Alhamisi naingoja. Ilipofika saa sita haijalia, nikajua kuna jambo. Nikadhani anaumwa malaria."

"Kwa nini hukupiga wewe kumuuliza?"

"Nimpigie wapi? Nyamtondo simu ni moja, iko posta, na posta ya kule inafungwa saa sita." Mihayo aliiangalia mikono yake. "Afande, mtoto wangu wa kwanza Marselino ndiye baba yake wa ubatizo. Mimi nimuuze?"

"Watu wameuza ndugu zao wa tumbo moja."

"Najua. Lakini simu haikulia."

Alirudishwa mahabusu. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mkewe Limi alikuwa amekaa na kikapu cha chakula. Alikuwa ametoka Samuye tangu Jumamosi, na tangu Jumamosi alikuwa akikaa pale pale. Alisimama Mbuke alipopita.

"Mwangaluka, mayu," Limi alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Mwangaluka."

"Kesho wanampeleka?"

"Kesho saa mbili."

Limi hakulia. Aliuliza tu kama ataruhusiwa kumpa sweta, kwa sababu alisikia gerezani kuna baridi. Mbuke akasema ataruhusiwa, akaharakisha hatua, kwa kuwa swali kama hilo huwezi kulijibu umesimama.

*

Duka la Ishwarlal lilikuwa kwenye barabara ya Geita, na siku hiyo lilifunguliwa mlango mmoja tu. Lataben alikuwa amekaa nyuma ya kaunta kwa sari nyeupe. Alikuwa amerudi kwa basi Ijumaa mchana, peke yake, maana mumewe alipopata habari presha ilipanda na Hemal akabaki Mwanza kumuuguza. Alizaliwa Bulangamo, alikuwa bibi wa wajukuu saba, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha polisi wengi waliopangiwa pale.

"Karibu, binti yangu. Utakunywa chai?"

"Asante mama, baadaye. Naomba kuijaribu simu."

Wazo la Mbuke lilikuwa jepesi. Kama simu haikulia, basi kengele imekufa. Kengele ikiwa imekufa, Mihayo anasema kweli na Donatus anasema uongo, na yeye atarudi Shinyanga amelala kwenye kiti cha basi kwa amani. Alizungusha mkono wa simu, akasubiri.

"Ofisi ya simu," sauti ya kike ilijibu.

"Hapa polisi, Sajenti Mbuke. Nakata. Nikikata, nipigie kumi na nne."

"Haya, afande."

Alikata. Haikupita nusu dakika, simu ikalia kwa kelele iliyomfanya paka wa duka aruke kutoka kwenye gunia la mchele. Mbuke aliinua, akasema asante, akaweka chini. Kengele ilikuwa nzima kabisa.

"Ilitengenezwa juzi?" aliuliza bila matumaini.

"Haijawahi kuharibika," Lataben alisema. "Lakini afadhali ingekuwa imeharibika, nisingeumia moyo."

"Kwa nini mama?"

"Nimefiwa. Marselino alikuwa kama mwanangu, miaka tisa amekula kwenye jiko langu. Hujui mila zetu? Mtu akifiwa, ndugu wanapiga simu, Mwanza, Shinyanga, Tabora, mpaka sikio linauma. Tangu nimerudi Ijumaa, hajanipigia hata mmoja. Simu ya kwanza kulia humu ndani ni hiyo yako." Alifuta macho kwa ncha ya sari. "Jana nikampigia dada yangu Anjali, Shinyanga, nikamgombeza. Nikamwambia, Anjali, wewe mtu gani? Unajua alinijibu nini? Ati alipiga Jumamosi!"

"Alipiga?"

"Anasema alipiga, akaambiwa mama amelala. Nikamwambia nani amekwambia? Anasema, kijana wenu wa dukani. Uongo mtupu. Uzee huu bado ananidanganya kama tulipokuwa wadogo."

Mbuke aliyekuwa ameanza kuvaa kofia aliivua tena.

"Kijana wa dukani mnao wangapi?"

"Mihayo tu."

"Mihayo tulimkamata Ijumaa saa nne asubuhi."

"Ndiyo. Ndiyo maana nasema dada yangu mwongo."

Mbuke aliegemea mizani. Kichwa kilikuwa kinamzunguka, na hakuona aibu kukiri. Alhamisi simu iliingia dukani, karani akasema haikuingia. Jumamosi simu nyingine iliingia dukani, mwenye duka akasema haikuingia. Ya Alhamisi ilijibiwa na mtu anayekataa kwamba aliijibu. Ya Jumamosi ilijibiwa na mtu ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya nondo, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwa Koplo Mayala. Na simu yenyewe ilikuwa pale juu ya kaunta, nzima, nyeusi, inamtazama.

"Mama, Jumamosi ulilala mchana?"

"Nilale? Mtu amekufa, nilale? Nilikuwa hapa hapa kwenye kiti hiki."

"Ile chai," Mbuke alisema, "naomba sasa."

*

Kutoka dukani alikwenda nyumbani kwa Donatus. Alitaka kumuuliza shahidi wake jambo moja tu: Mihayo alishika simu kwa mkono gani. Mwongo huandaa maneno, mara nyingi husahau mikono. Jana yake alikuwa ameongea naye kituoni, mtu wa kifua kipana na sauti nzito, mchangamfu, kila akimaliza sentensi anabandika "barabara kabisa" kana kwamba anapiga muhuri.

Donatus hakuwepo. Alikuwepo mkewe, Mwanaima, anachambua mchele barazani.

"Hayupo, dada. Siku hizi anatoka asubuhi sana, mpaka jioni."

"Safari za lori?"

"Lori si hilo hapo, lina wiki halijawashwa." Mwanaima alipuliza makapi. "Anashinda Maghalani. Tangu Alhamisi. Hata chakula cha mchana haji kula, nampelekea mwenyewe na ananipokelea mlangoni. Nikimuuliza unafanya nini huko kwenye maghala matupu, anasema ana biashara."

"Biashara gani?"

"Ukiijua, uniambie na mimi."

Mbuke alishukuru akaondoka. Donatus sasa alikuwa amemwongezea fumbo jingine badala ya kumpunguzia. Mwenye lori aliyeacha lori likae wiki nzima, akaenda kushinda kwenye maghala ya pamba ambayo pamba yenyewe iliondoka zamani. Aliliandika kwenye daftari kwa sababu alifundishwa kuandika kila kitu, akachora mstari chini yake kwa sababu hakujua alipeleke wapi.

*

Ofisi ya simu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa ubao wenye matundu, kila tundu na nambari yake na kifuniko kidogo cha shaba kinachodondoka mtu akipiga. Mbele ya ubao alikaa Esta, opereta, mwanamke wa miaka arobaini mwenye miwani, amevaa visikilizio kichwani. Kamba za kuunganishia simu zilikuwa mbele yake, na mikono yake ilikuwa ikizichomeka na kuzichomoa bila yeye kuzitazama.

"Esta, huu mwandiko wako?" Mbuke aliweka kadi mbele yake.

"Wangu, afande."

"Alhamisi saa nne na dakika kumi na mbili, Nyamtondo waliomba kumi na nne?"

Esta alicheka kidogo. "Hakuna anayeomba kumi na nne. Wewe asubuhi ya leo ndiye wa kwanza mwaka huu. Waliomba Ishwarlal."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja." Esta alisogeza visikilizio nyuma ya sikio moja, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mzito. "Nambari ni ya tundu, afande. Tundu limetobolewa hapa, haliendi kokote. Mtu anahama. Mzee Ishwarlal alikuwa na duka karibu na mto, tundu la sita. Mvua ilipolibomoa akahamia barabara ya Geita, akapewa tundu la kumi na nne. Wateja wake wa Mwanza mpaka leo hawajui kuwa alihama. Wanaomba Ishwarlal, nawapa Ishwarlal. Ingekuwa watu wanaomba nambari, mpaka leo wangekuwa wanapigia vyura wa mtoni."

"Kwa hiyo wewe ndiye unayejua jina liko tundu gani."

"Ndiyo kazi yenyewe. Na si kuhama tu. Mganga wa zahanati akienda kushinda kwa shemeji yake, ananiletea kikaratasi, simu zake nampelekea huko huko. Padri akienda parokia nyingine, kikaratasi. Mji mzima unafanya hivyo. Si kila opereta anakubali usumbufu huo, lakini mimi nakubali."

"Vikaratasi unaviweka wapi?"

Esta alinyoosha kidole ukutani kushoto kwake. Kulikuwa na kipande cha mbao chenye misumari midogo, na chini ya kila msumari jina. Misumari mingi ilikuwa mitupu. Kwenye msumari wa mganga kulikuwa na karatasi. Kwenye msumari wa Ishwarlal kulikuwa na karatasi.

Mbuke aliisogelea polepole. Ilikuwa na muhuri wa duka, wa zambarau, na maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: SIMU ZOTE ZA ISHWARLAL ZIPELEKWE 31 MPAKA NITAKAPOTOA TAARIFA.

"Hii imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Jumatano asubuhi. Niliikuta imepitishwa chini ya mlango."

"Na hukuuliza?"

"Nimuulize nani? Wenyewe walikuwa wamekwenda harusini, mji mzima ulijua. Mtu akisafiri huleta kikaratasi. Na muhuri si huo?"

"Alhamisi simu ya Nyamtondo uliipeleka wapi?"

"Thelathini na moja," Esta alisema, kisha akaiangalia ile kadi iliyokuwa mbele yake, na mikono yake ikatulia kwa mara ya kwanza.

"Umeandika kumi na nne," Mbuke alisema.

"Jina tunaandika wakati wa kuunganisha. Nambari…" Esta aliigeuza kadi. "Nambari najaza mwisho wa zamu, zote kwa mpigo. Nina miaka kumi na moja kwenye kiti hiki, nambari ziko kichwani. Ishwarlal, kumi na nne. Mkono unaandika wenyewe."

"Mkono wako umemweka mtu mahabusu siku nne. Na kesho unampeleka kwa hakimu kwa kosa la kuua."

"Mungu wangu. Mihayo?"

"Mihayo. Asubuhi nilipokuomba unipigie kumi na nne, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, afande!" Machozi yalikuwa yameshajaa nyuma ya miwani. "Ulinipa nambari, nikakupa nambari. Ungeniomba Ishwarlal ningekupa thelathini na moja. Nilijua mzee ana mtu wake huko anayempokelea simu. Mtu anajibu kila siku. Nani angenieleza kwamba si mtu wake?"

Mbuke alikaa kwenye stuli. Yaliyokuwa yanagombana kichwani tangu asubuhi yalianza kukaa kimoja kimoja. Simu haikulia dukani, na Mihayo hakusema uongo. Simu iliunganishwa kwa Ishwarlal, na kadi haikusema uongo isipokuwa kwenye nambari. Anjali alipiga Jumamosi, akajibiwa na kijana wa dukani ambaye hakuwa dukani. Jina la Ishwarlal lilikuwa limehamishwa bila mwenyewe kujua, na kila aliyeliita aliitikiwa na mtu mwingine.

"Thelathini na moja ni wapi?"

"Ghala la zamani la pamba. Mwenyewe alihamia Tabora, laini ikabaki."

"Mtaa gani?"

"Maghalani."

Mbuke aliirudia karatasi ya msumarini. Aliitoa, akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa stakabadhi ya duka, na muhuri ule ulikuwa wa stakabadhi, umepenya mpaka upande wa yale maneno. Kwa mwandiko mdogo wa karani aliyezoea kazi, Mihayo alikuwa ameandika: Misumari inchi nne, kilo mbili. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu ya wiki iliyopita.

Donatus alikuwa amemwambia ukweli mmoja, basi. Alinunua misumari. Alikosea siku tu.

"Kwa nini hajaja kuitoa hii karatasi?" Mbuke alijiuliza kwa sauti.

"Amtume nani?" Esta alijibu akifuta miwani. "Tangu Ijumaa askari wenu wanaingia na kutoka humu wakitafuta kadi. Na asipokaa kule kupokea, wapigaji wataniambia Ishwarlal hajibu, nami nitampelekea mama habari dukani."

Hapo Mbuke nusura acheke. Mtu alikuwa ameiba jina kwa ajili ya simu moja ya dakika tatu, sasa jina limemng'ang'ania, anashinda kwenye ghala tupu anapokea rambirambi za mtu aliyemuua.

"Esta, utaandika maelezo. Jinsi unavyojaza nambari, bila kuficha."

"Watanifukuza kazi."

"Pengine. Sitakudanganya."

Esta aliitazama kadi kwa muda mrefu. Kifuniko kimoja cha ubao kilidondoka, naye akakiacha. "Mkewe ndiye yule anayekaa nje ya kituo na kikapu?"

"Ndiye."

"Nipe kalamu," Esta alisema.

*

Saa nane mchana Koplo Mayala alikuwa amejibana kwenye ukuta wa ghala la Maghalani na askari wawili. Amri aliyopewa ilikuwa fupi. Asiingie mpaka asikie kengele ya simu ndani, ahesabu mpaka sitini, kisha avunje mlango.

Ofisi ya simu ilikuwa imejaa. Esta alikuwa kitini. Mihayo alikaa pembeni yake na pingu zake, amevalishwa visikilizio vya akiba. Mbuke alikuwa ametia sahihi mwenyewe kumtoa, kwa sababu alitaka sikio linalojua wateja wa duka. Limi alikuwa nje ya dirisha. Hakuna aliyemwita, lakini alipoona mumewe anatolewa aliwafuata na kikapu chake, na hakuna askari aliyepata moyo wa kumrudisha.

"Usiseme neno lolote," Mbuke alimwambia Mihayo. "Sikiliza tu, halafu uniambie ni nani."

Alivaa visikilizio vya Esta. "Nipe Ishwarlal," akasema.

Esta aliutazama ubao wa misumari, ambako kikaratasi kilikuwa kimerudishwa mahali pake, kisha akachomeka kamba kwenye tundu la thelathini na moja. Ikalia mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Duka la Ishwarlal," sauti nzito ikajibu.

"Shikamoo baba." Mbuke aliilegeza sauti yake ikawa ya mama wa shambani aliyekopeshwa simu. "Napiga kutoka Mhunze. Tumesikia msiba. Nataka kumpa pole mama."

"Mama amelala. Lakini pole zimefika, barabara kabisa. Nitamwambia."

"Asante baba. Na wewe ni nani mwenzangu, niwaambie wenzangu huku nimeongea na nani?"



"Mihayo hapa," ile sauti ikasema. "Karani wa duka."

Kwenye kiti cha pembeni Mihayo alishtuka mpaka pingu zikagonga meza. Mbuke alimshika bega. Alitaka kusema jambo jingine la kumshikilia mtu yule, msiba, mvua, mazao ya Mhunze, lakini hakulazimika. Mlango ulivunjika kwenye sikio lake kwa mshindo mkubwa, viti vikaanguka, na sauti ya Koplo Mayala ikaja kwa mbali, inahema.

"Polisi! Weka chini! Mikono juu!"

Simu haikuwekwa chini. Ilianguka ikabaki inaning'inia, maana waliendelea kusikia kila kitu, miguu, matusi, mtu anasukumwa ukutani.

"Jina lako?" Mayala aliuliza. Alikuwa anamjua tangu zamani, lakini utaratibu ni utaratibu.

Zilisikika pingu zikifungwa.

"Nimekuuliza jina lako!"

"Donatus," sauti ikasema, na safari hii haikubandika kitu mwishoni.

Mbuke alivua visikilizio. Esta alikuwa amevuta kadi mpya. Aliandika jina la anayeitwa, kisha akainua macho ubaoni, akalitafuta tundu ilimoingia kamba, na ndipo akaandika nambari yake.

Mihayo alikuwa bado amevaa vyake, ingawa upande wa pili walikuwa wameshakata. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuweza kuyafuta vizuri kwa mikono iliyofungwa.

"Umemtambua?" Mbuke aliuliza kwa upole.

"Donatus. Kila wiki ananunua kitu." Mihayo alivuta pumzi. "Afande, Alhamisi Marselino si aliuliza hivyo hivyo? Laini ya Nyamtondo inakwaruza, sauti hazitambuliki, ndiyo maana yeye huuliza kila mara, nani mwenzangu, ndipo aseme njia."

Mbuke aliinama, akamvua visikilizio.

"Akaambiwa Mihayo hapa. Akasema njia. Alipowakuta pale darajani…" Mihayo alishindwa, akaanza tena. "Amekufa akijua ni mimi."

Dirishani Limi alikuwa ameweka kikapu chini, mikono yote miwili imeshika nondo.  Mbuke aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pingu.